Kosa Si la Uso

Iko kauli iliyozoeleka mno katika studio za picha, nayo ni kwamba mtu mweusi "hatoki" vizuri. Niliambiwa hivyo miaka mingi iliyopita, nilipokwenda kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Mpigapicha alinisimamisha mbele ya shuka jeupe, akabonyeza. Na mkanda uliposafishwa nikajiona nimekuwa kipande cha mkaa. Akanishauri nijipake poda! Kauli hiyo ni kasumba, na wanaoirudia hawaijui kamera.

Hebu tuitazame kamera ya mkanda ilivyo. Mwanga huingia kupitia tundu la lenzi, na pete ya lenzi ina tarakimu: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Tarakimu ikikua, tundu hupungua, na kila hatua hukata mwanga kwa nusu. Kipimamwanga nacho hakijui kama mbele yake pana uso, ukuta au ng'ombe. Hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu. Kikikabiliwa na shuka jeupe hudhani mwanga umezidi, kikaagiza tundu lifinywe. Shuka likawa la kijivu, uso ukazama gizani. Je, hilo ni kosa la uso?

Dawa yake haina gharama. Mpigapicha na apime kiganja, katika mwanga ule ule unaoangukia uso. Kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko kijivu kile, afungue tundu hatua moja zaidi. (Viganja vya binadamu wote hukaribiana weupe, jambo hili pekee lingetosha kuwanyamazisha wazushi.)

Sikatai kwamba filamu za rangi zilikuwa na upendeleo. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Waliokuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo wamesimulia kwamba malalamiko yaliyoisukuma kuitazama upya rangi ya kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti. Meza ilipata watetezi kabla ya uso wa mwanadamu!

Hata hivyo, upendeleo huo haumwondolei lawama mvivu. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, nchini Mali, mwaka 1948. Alitumia filamu ya nyeusi na nyeupe na mwanga wa jua uani, na shuka la kitanda chake likawa pazia la nyuma. Tazameni picha zake, enyi walimu, na muwaonyeshe wanafunzi: mapaji ya nyuso yanang'ara, na weusi una vivuli vyake, kimoja baada ya kingine.

Siku hizi vijana wamezirudia kamera hizo kuukuu, nami nafurahi. Lakini nimewasikia baadhi yao wakiirudia na ile kauli. Picha yangu ya kitambulisho ningali ninayo. Mwanangu alipoiona aliniuliza ni ya nani.