Saratani ya mlango wa kizazi: kabla hamjachangia upasuaji wa roboti

Aliye kwenye makundi ya WhatsApp ya harambee za matibabu ameshaliona tangazo hili. Mama wa fulani ana saratani ya mlango wa kizazi, imegunduliwa mapema, jamaa wanachangisha apelekwe India akafanyiwe upasuaji wa roboti. Pesa zinazotafutwa ni za kuuza shamba. Wanaochanga, kwa nia njema kabisa, huamini kwamba roboti inashinda mkono wa daktari, na kwamba anayefunguliwa tumbo hapa nyumbani ni maskini aliyekosa uwezo.

Kwa ugonjwa huu, ushahidi uliopo unasema kinyume.

Mwezi Novemba 2018 jarida la utabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Pedro Ramirez wa hospitali ya MD Anderson, mjini Houston. Wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi waligawanywa kwa kura. 312 walipangiwa upasuaji wa zamani wa kufungua tumbo. 319 walipangiwa ule wa matundu madogo na kamera, baadhi yao kwa roboti. Wengi walitarajia matokeo yalingane, na mgonjwa wa matundu apate faida ya kovu dogo na kurudi nyumbani mapema. Haikuwa hivyo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kutimia idadi iliyokusudiwa. Saratani ilikuwa imewarudia wanawake 27 wa matundu, na 7 tu wa tumbo. Waliokwisha kufariki walikuwa 19 upande mmoja na 3 upande wa pili.

Hesabu ya mwisho ilitoka 2024. Baada ya miaka minne na nusu, katika kila wanawake 100 waliofunguliwa tumbo, 96 walikuwa hai bila saratani kurudi. Upande wa matundu walikuwa 85.

Watetezi wa roboti walisema roboti zilikuwa chache mno katika utafiti huo. Ni kweli, zilikuwa chache. Lakini toleo hilohilo la jarida lilikuwa na utafiti wa pili, wa rekodi za wagonjwa 2,461 wa Marekani. Humo karibu wanne katika kila watano waliofanyiwa matundu walifanyiwa kwa roboti, na bado vifo ndani ya miaka minne vilikuwa asilimia 9.1, dhidi ya 5.3 kwa waliofunguliwa. Februari 2019 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani ikatoa onyo juu ya kutumia roboti kutibu saratani hii.

Kwa nini mashine inayoona vizuri zaidi ilete matokeo mabaya zaidi? Kosa halionekani kuwa la roboti yenyewe. Upasuaji huu ni mkubwa: kizazi huondolewa pamoja na nyama za kandokando, sehemu ya juu ya uke na tezi za nyonga. Katika njia ya matundu, madaktari wengi hupitisha chombo ukeni cha kushikilia na kugeuza kizazi, na chombo hicho hukwaruza pale pale penye uvimbe. Kisha uke hukatwa huku tumbo limejazwa gesi, na chembe za saratani zinaweza kumwagika ndani. Uchunguzi uliofanywa Ulaya ulikuta kwamba pale chombo hicho hakikutumika, au uke ulipofungwa kwanza kabla ya kukatwa, saratani ilirudi mara chache zaidi. Lakini hiyo ni dalili, bado haijawa ruhusa ya kurudi kwenye matundu.

Maneno haya yasichukuliwe kuwa ya kila saratani. Ile ya ukuta wa ndani wa kizazi, ambayo jina lake hukaribiana na hii na watu huzichanganya sana, matundu hayajaonyesha madhara hayo. Na kwa uvimbe mdogo sana wa mlango wa kizazi, utafiti mwingine wa 2024 ulionyesha kwamba kuondoa kizazi kwa njia ya kawaida, bila ule upasuaji mpana, kunatosha.

Sasa mfikirie mwanamke wa Kinoru, mjini Meru. Wapwani wengi wanaijua Kinoru kwa uwanja wake, ule uliokarabatiwa kwa ajili ya CHAN ya 2018 kabla ya Kenya kupokonywa mashindano. Shida yake ndiyo ya dada yetu wa Lamu au Tana River. Hospitali ya rufaa ya kaunti anayo karibu, lakini upasuaji wa aina hii mara nyingi humaanisha safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 200. Anachohitaji ni daktari bingwa wa saratani za wanawake aliyezoea kufungua tumbo, maabara inayosoma kipande cha nyama kwa wakati, na damu ya kuongezwa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikifunza mabingwa wa aina hiyo kwa ushirikiano na Toronto. Huko ndiko ningependa pesa ziende.

Nasema hivyo kwa sababu tumeshaonja mapenzi ya serikali kwa mashine. Mwaka 2015 kaunti ziliingizwa kwenye mpango wa kukodi vifaa vya hospitali kwa mabilioni ya shilingi, na Seneti ilipouchunguza mwaka 2020 iliukosoa vikali. Kulikuwa na vifaa visivyotumika kwa kukosa watu wa kuviendesha. Kizuri chajiuza, husemwa, lakini roboti ina watu wa kuiuza.

Kwa familia, hesabu ni nzito zaidi. SHA ilipoanza, saratani iliwekewa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, ukijumlisha mifuko miwili. Aliyemaliza mali yote India hana akiba saratani ikirudi, na ikirudi hutaka mionzi na dawa za mishipani kwa miezi. Jamaa wangeuliza maswali mawili kabla ya kuanza kuchangisha: tumbo litafunguliwa au ni matundu, na daktari huyu amefanya wangapi wa namna hii?

Kurudi kwenyewe hutokea zaidi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita, hata akijisikia mzima. Damu inayotoka ukeni baada ya kupona, maumivu ya nyonga yasiyoisha au mguu mmoja kuvimba havisubiri tarehe ya kadi. Nauli ya safari hizo, kutoka Kinoru au kutoka Faza, haimo kwenye bajeti ya harambee yoyote niliyowahi kuiona.