Mgeni Apewe Maneno



Kuna kazi moja ya televizio ambayo watu hawaisemi sana: kazi ya mgeni. Katika Vitimbi, mchezo wa televizio ya Kenya, watu walizoea Mzee Ojwang na Mama Kayai miaka na miaka. (Benson Wanjau, aliyecheza Ojwang, alikufa 2015.) Basi mtu anayeitwa kucheza siku moja tu kati ya watu kama hao anakuta kila mmoja ana nafasi yake, na hajui hata mizaha yao. Lazima afike na maneno kichwani na asimame pale alipoonyeshwa. Lakini wenyeji nao wana kazi: wasipomwangalia, wasipomngojea amalize, mchezo mzima unaanguka, si yeye peke yake.

Tunasema hivi sababu ya teatre yetu ya mwisho wa mwaka. Maneno yatagawanywa juma hili. Wengine wanataka wenzetu waliofika toka Kabambare katikati ya mwaka washike mikuki tu na kunyamaza, eti hawajazoea. Watazoea wapi, kama si hapo? Wengine wao wameacha nyumba zao; wasiachishwe na sauti pia.

Sisi wa mwaka wa sita tunaondoka karibuni. Tunaomba kila mmoja wetu atoe nusu ya maneno yake. Nao wafike saa ya mazoezi, wakiyajua. Hivyo tu mgeni anakuwa mwenyeji.