Deni la Macho

Katika makosa yanayopendwa na watu wenye elimu, hapana linalopendwa kuliko hili: kwamba ubunifu ni kipaji walichogawiwa wachache siku ya kuzaliwa, kwamba aliyenyimwa hana la kufanya, na kwamba aliyepewa kisha kikampotea hana dawa ila kukaa na kungoja. Kosa hili lina raha yake. Humwondolea mvivu lawama, humpa mwoga udhuru, na humfanya msomi aliyekauka ajione kama mtu aliyefiwa, anayestahili kupewa pole, badala ya kujiona mkulima aliyeacha shamba lake likaota magugu. Lakini raha ya kosa si hoja ya ukweli wake. Kipaji chaweza kuwa zawadi. Matumizi yake ni kazi, na kazi iliyoachwa hairudi kwa kuitwa. Hurudiwa kwa mikono.

Yafaa kutazama kwanza jinsi ubunifu unavyopotea, maana ni taabu kutafuta kitu bila ya kujua kiliangukia wapi. Mtoto mdogo akipata kipande cha kaa hachelewi kuona kazi yake. Huchora juu ya kiambaza, mchangani, katika jalada la daftari. Huchora gari lenye magurudumu sita na mama mwenye mikono mirefu kuliko miguu, wala haulizi kama ana kipaji. Kisha huadhibiwa kwa kuchafua ukuta, na pengine adhabu hiyo ni ya haki. Lisilo haki ni kwamba ukuta ukisha kuoshwa, hapewi karatasi. Shuleni huambiwa kuwa kuchora ni mchezo, na mchezo una mwisho wake. Miaka 15 baadaye mtoto yule yule huketi katika ukumbi wa chuo kikuu, akaandika insha ndefu juu ya sanaa na jamii, akapata alama nzuri. Akiombwa achore mtungi ulio mbele yake hucheka kwa haya, akasema kuwa hajui. Hilo si kweli. Alijua, akasahaulishwa.

Mtu ambaye maisha yake yanalijibu kosa hili ni mpiga picha aliyejulikana kwa jina la Brassaï. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Gyula Halász. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Brassó, uliokuwa siku hizo chini ya Hungaria, na ambao leo umo katika Romania kwa jina la Brașov. Alisomea uchoraji Budapest na Berlin, akahamia Paris mwaka 1924, akaishi kwa kuandika magazetini, na kuelekea mwaka 1930 akashika kamera. Kamera ilimpa sifa kubwa, hasa kwa picha zake za Paris ya usiku. Lakini sifa ya kamera ilipopanda, mkono uliozoea kuchora ulinyamaza.

Katika miaka hiyo hiyo alianza kutazama kitu ambacho wapita njia hawakukijali: michoro iliyokwaruzwa kwa visu na misumari katika kuta za mitaa ya watu maskini. Palikuwa na nyuso zenye mashimo mawili kuwa macho, mioyo, wanyama na mafuvu. Mwaka 1933 alitoa baadhi ya picha za michoro hiyo katika jarida la Minotaure, pamoja na insha iliyolinganisha ukuta wa kiwanda na ukuta wa pango la watu wa kale. Aliifuata kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1956 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalizionyesha picha zake za kuta, na kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Namna ya kazi yake ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Brassaï alichukua daftari dogo. Alipoona mchoro wa kumvuta aliuchora ndani ya daftari, akaandika mahali ulipo ili apate kuurudia. Miaka ikipita alirudi, akaukuta umeongezwa mistari na mkono mwingine, au umeliwa na mvua, au ukuta wenyewe umebomolewa. Kamera yake haikutembea peke yake. Ilitembea na kalamu.

Wakati Wajerumani walipoitawala Paris, tangu mwaka 1940 hadi 1944, Brassaï hakukubali kuwaomba kibali cha kupiga picha, na kamera yake ikazuiwa kufanya kazi hadharani. Picasso, aliyeiona michoro yake ya ujanani, alikwisha kumlaumu kwa kuiacha sanaa hiyo. Basi akarudi kwenye kuchora. Mwaka 1946 michoro yake 30 ilichapwa katika kitabu pamoja na shairi la Jacques Prévert, na kazi ya kuchonga ikafuata. Alikuwa amepita miaka 40, umri ambao wenye kungoja husema kuwa mlango umefungwa. Hapana awezaye kudai kuwa kuta peke yake ndizo zilizomrudisha. Lakini yamkini mkono uliokuwa ukiandama kuta na daftari kwa miaka 10 haukuwa umekufa. Ulikuwa umelala, na aliyelala huamshwa.

Hapa ndipo penye hoja, na hoja hii itawachukiza wengi. Leo kila mtu amebeba kamera ndani ya simu yake. Mwaka 2012 wachoraji wa Nairobi walipochora katika kuta za mji wanasiasa kwa sura ya tumbusi, ndege mla mizoga, ilikuwa rahisi kwa mpita njia kusimama, kupiga picha na kwenda zake. Alipata picha, je, aliona? Mwulize mtu wa namna hiyo tumbusi aliketi juu ya nini, au kichwa chake kilielekea wapi, nawe utapata jibu la mtu aliyepita mbio. Ndani ya simu kuna picha elfu za kuta, na mwenye simu hakumbuki hata moja. Huyo hakukusanya sanaa. Amekusanya risiti za mahali alipopita.

Lugha yenyewe inaonya. Picha hupigwa, na pigo ni tendo la mara moja. Mchoro huchorwa kwa kupita na kupita tena, kwa kuuliza mstari huu ulianzia wapi na kwa nini ulipinda pale. Anayepiga picha ya kazi ya mwenziwe ukutani amekopa: amekopa macho ya mwenziwe, ujasiri wake na mapigano yake na lipu iliyokauka. Kukopa si aibu. Aibu ni kukopa kila siku bila nia ya kulipa. Dawa ya deni kulipa, na deni la macho hulipwa kwa mkono. Mtu akae jioni na picha aliyoipiga mchana, achukue kalamu, achore alichokiona kwa dakika 10. Ataona mara moja kwamba hakukiona. Ugunduzi huo unaochoma ndio mwanzo wa ubunifu kurudi.

Wapo watakaosema kuwa kunakili si kubuni. Hao wamesahau jinsi washairi wanavyolelewa. Mwanafunzi wa ushairi huanza kwa kushika tungo za waliomtangulia na kuzipima mizani na vina, hata sikio lake likapata kipimo. Ndipo hutunga lake. Hapana amwambiaye kuwa yeye ni mwizi. Vivyo hivyo mkono unaonakili hauwezi kunakili sawasawa. Huteleza, hurefusha, hupunguza, na katika kuteleza kule huonekana tabia ya mwenye mkono. Kinachompasa ni kukiri deni: mchoro wenye mwenyewe utajwe kwa jina la mwenyewe, wala asitoe mtu picha ya kazi ya mwenziwe akaiita yake.

Wapo pia watakaosema kuwa michoro ya kuta ni uchafu, wala haifai kuwa darasa la mtu mwenye elimu. Hapana anayeombwa kuharibu nyumba ya jirani. Anaombwa kutazama, na kuchora ndani ya daftari lake mwenyewe. Na kabla ya kutamka neno uchafu, yafaa wana wa pwani wakumbuke kuta zao. Katika magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi imo michoro ya vyombo vya bahari, iliyokwaruzwa katika lipu ya chokaa na watu wasioandika majina yao. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, imo michoro ya merikebu iliyoachwa na Wareno. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walitoa utafiti juu ya michoro ya vyombo ya pwani hii, na wanazuoni huisoma ili kujua matanga na milingoti ya zamani. Kama mabaharia wale wangalitii wenye kudharau kuta, elimu ya leo ingalikuwa na pengo.

Udhuru wa mwisho ni wakati. Msomi ana mitihani, ana mihadhara, ana makala ya kumaliza. Atachora akipata nafasi, au akijiwa na ari. Amtazame basi Katsushika Hokusai wa Japani. Alikuwa amepita miaka 80, na sifa yake imekwisha kutanda, alipojiwekea ada ya kuchora simba kila siku ili kuondoa balaa. Kati ya mwisho wa mwaka 1842 na mwaka 1843 alifanya michoro ya namna hiyo zaidi ya 200. Mzee hodari hakungoja ari. Aliamka, akachora simba wa siku ile, na kesho akachora mwingine. Kijana wa miaka 20 anayedai kuwa anangoja wakati unaofaa anadai heshima ambayo Hokusai hakujipa.

Basi vyuo vikuu navyo vina la kujibu. Vinafundisha historia ya sanaa, nadharia ya sanaa na uhakiki wa sanaa, na vinampa shahada mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuchora hata jani. Ni kama kumpa mtu cheti cha unahodha kwa kuwa amesoma habari za bahari. Kila mwanafunzi wa fasihi na wa sanaa apewe daftari tupu siku ya kwanza, na siku ya mwisho aulizwe daftari hilo, si kwa uzuri wa michoro yake bali kwa hesabu ya siku zake. Na mwalimu awe na lake, alifungue mbele ya wanafunzi, waione michoro yake mibaya pamoja na mizuri.

Ubunifu haukuwakimbia watu. Umeachwa ukutani, pale mtoto alipopokonywa kaa, na kuta za mji zinaendelea kuchorwa na wale ambao hawakukubali kupokonywa. Msomi apite, atazame, apige picha akipenda. Kisha aende nyumbani akalipe.