Cheti, Stashahada na Shahada: Tujue Tunachokilipia



Majuma machache yaliyopita, baada ya misa ya pili, alitujia mzee mmoja wa jumuiya zetu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na cheti cha binti yake. "Baba Paroko," alisema, "tunataka kumfanyia mtoto sherehe ya digrii. Tuwekee siku ya misa ya shukrani." Tulikisoma cheti kile mara mbili. Kilikuwa astashahada ya awali katika fani ya utunzaji wa kumbukumbu: masomo ya mwaka mmoja, halali kabisa, nayo alama zake nzuri. Lakini haikuwa shahada. Tulipomweleza hivyo, mzee alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo wale ng'ombe wawili nimeuza bure?"

Swali hilo halijatutoka moyoni. Binti yule hakumdanganya baba yake. Alimwambia "nimehitimu chuo", naye baba akasikia kile alichokuwa akikitamani. Kosa ni letu sote, tunaoliita kila jengo lililo baada ya sekondari "chuo", na kila karatasi itokayo humo "digrii". Kwa hiyo juma hili tumeona vema tulizungumze jambo hili, kwa kuwa ni miezi ileile ambayo wazazi wengi wanatafuta karo.

Katika nchi yetu ya Tanzania tuzo za elimu na mafunzo zimepangwa kwa ngazi 10. Ngazi 3 za mwanzo ni za ufundi stadi: useremala, uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, ufundi wa magari. Hizi ndizo zinazojulikana sana kupitia VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, na ya 6 ni stashahada, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita diploma. Ngazi ya 7 ni stashahada ya juu. Ya 8 ndiyo shahada ya kwanza, hiyo digrii aliyoitamani mzee wetu. Juu yake iko shahada ya uzamili, na mwisho kabisa, katika ngazi ya 10, shahada ya uzamivu. Mzamivu ni yule anayezama kina kirefu akaibuka na kitu ambacho walioko ufukweni hawajakiona. Ndivyo inavyompasa pia mwenye shahada hiyo, alete elimu mpya.

Ngazi hizi hazitofautiani kwa urefu wa miaka tu. Zinatofautiana kwa kazi ambayo mtu anaandaliwa kuifanya. Mwenye cheti cha ufundi stadi ameandaliwa kutenda kwa mikono yake. Mwenye stashahada ameandaliwa kutenda na kusimamia watendaji. Mwenye shahada anatazamiwa pia kueleza kwa nini jambo linatendwa hivyo, na kubuni njia nyingine pale ile ya kawaida inaposhindwa. Tazameni zahanati zetu za vijijini: mara nyingi anayempokea mgonjwa ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu. Daktari mwenye shahada amesoma miaka mitano, kisha akafanya mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Hospitali inawahitaji wote wawili. Itakuwa hatari iwapo mmoja atajifanya mwingine, na itakuwa dhuluma iwapo mmoja atadharauliwa kwa sababu si mwingine.

Tena kuna jambo linalosahaulika mara nyingi: tuzo ya masomo si leseni ya kazi. Aliyehitimu shahada ya sheria bado si wakili. Hana budi kupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo na kukubaliwa kuwa wakili. Aliyehitimu shahada ya uhasibu bado hajapata CPA; hiyo hutokana na mitihani ya bodi ya wahasibu. Muuguzi naye husajiliwa na baraza lake. Mzazi asiyeyajua haya humlaumu mtoto kwa uvivu, kumbe mtoto yuko katikati ya safari.

Sasa tuseme lililo moyoni mwetu. Tunaamini kwamba tamaa yetu ya neno "digrii" inawaumiza watoto wetu. Tumeona kijana mwenye mikono ya dhahabu katika uchomeleaji akisukumwa kurudia mtihani wa kidato cha sita, kwa sababu tu baba yake anaona aibu kusema mbele ya wenzake kwamba mwanawe yuko VETA. Wakati huohuo, milango ya kanisa letu ilipolegea, tulimtafuta fundi juma zima. Je, ni nani kati yetu aliyemwuliza fundi huyo kama ana shahada?

Wapo watakaosema kwamba kuchagua njia ya cheti ni kujifungia mlango. Si kweli. Mwenye astashahada anaweza kuendelea na stashahada, na mwenye stashahada aliyefaulu vizuri anaweza kuomba chuo kikuu bila kupitia kidato cha sita. Hata fundi aliyejifunzia kazini, asiyepata kuketi darasani, anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti kupitia utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Njia hizi ni ndefu, lakini ziko wazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, tusidanganyane: ngazi huunganika tu pale ambapo kila moja imetambuliwa kisheria. Tunaifahamu familia moja iliyolipa karo ya miaka miwili katika chuo ambacho hatutakitaja, kisha ikaambiwa kwamba kozi ile haikuwa na ithibati. Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Kwa sababu hiyo tunawasihi wazazi waulize maswali matatu kabla ya kutoa shilingi moja.

Kwanza: mtoto akimaliza, atapewa tuzo gani, ya ngazi ya ngapi? Pili: ni nani anayekitambua chuo hiki na kozi hii? Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ikiitwa NACTE. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005. Tatu: sifa za kuingilia ni zipi, na mtoto wetu anazo? Kwa astashahada, kwa mfano, sharti la kawaida ni kufaulu masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Nasi tunaofundisha dini tunalisema hili bila kinyongo: alama nzuri katika somo letu ni njema, lakini haitaziba pengo hilo.

Kuuliza si ujinga. Asiyeweza kusoma maelezo ya chuo na ayalete parokiani, tutayasoma pamoja.

Na yule mzee wetu? Tulimjibu kwamba hakuuza ng'ombe wake bure. Amemnunulia binti yake ngazi halali, ambayo juu yake iko nyingine. Tulimwomba tu asiiite paa. Misa ya shukrani tuliiadhimisha, na katika matangazo tukalisoma jina la tuzo kama lilivyoandikwa: astashahada ya awali. Waamini walipiga makofi kwa nguvu. Binti alisimama akitabasamu, na mwezi uliofuata akaanza masomo ya ngazi ya 5.

Tukutane juma lijalo.