Miezi Mitano ya Kununua Bastola
Mei 30, 2022, Waziri Mkuu Justin Trudeau alitangaza kwamba Kanada itapiga marufuku uuzaji wa bastola kwa raia. Wenye leseni wakamiminika madukani. Marufuku yenyewe ilianza Oktoba 21, karibu miezi mitano baadaye, na aliyekwisha kununua kihalali akaruhusiwa kubaki na silaha yake. Siwalaumu wanunuzi, mlenga shabaha akiambiwa mlango unafungwa, ataharakisha kuingia. Nailaumu serikali. Hata uingizaji wa bastola kutoka nje haukuzuiwa hadi Agosti 19, wakati maduka mengi yalikuwa yameshauza kwa wingi. Familia zilizozika watu wao waliouawa kwa risasi zilistahili amri inayoanza siku ileile ya tangazo.