MCHE NA MAHALI PAKE

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Hawakusema hivyo juu ya mchagua mche. Mvua za vuli zinapokaribia, wananchi wengi wa Bukoba na Muleba hununua miche sokoni, na wengine huletewa na jamaa zao walio mbali. Aghalabu huuliza bei. Ni nadra kuuliza mche huo umezoea mvua ya wapi. Twaona kuwa swali hilo la pili ndilo lenye thamani zaidi, maana mche usiofaa hula ardhi, samadi na jasho la mkulima kwa miaka kadhaa kabla ya kumwonyesha kuwa amepata hasara.

Wako wanaodhani kuwa Kagera ni nchi yenye hali ya hewa moja. Sivyo hata kidogo. Upepo wa kusini-mashariki huvuka Ziwa Viktoria ukichukua unyevu, kisha hupanda miinuko ya kando ya ziwa na kumwaga mvua. Ndiyo sababu mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka miinuko hiyo kwenda magharibi mvua hupungua upesi, na yako mabonde yasiyofikia milimita 1,000. Muleba nako ni vivyo hivyo: mkulima wa Kamachumu, aliye juu penye ubaridi, hana hali moja na mwenzake wa Kimwani, kusini, penye joto na mvua pungufu.

Tena mvua nyingi si baraka tupu. Huosha udongo na kuuacha mchachu, usio na rutuba. Wazee wetu walilijua jambo hilo, wakajenga kibanja. Walitia samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa katika rweya, kizazi baada ya kizazi, hata migomba, mibuni na maharage vikastawi pamoja penye udongo ambao, nje ya kibanja, hufaa malisho na njugu mawe. Kibanja si bahati, ni elimu.

Wenzetu wa nchi za baridi elimu yao wameiandika. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ramani ya kanda za mimea mwaka 1960, na toleo jipya likatoka mwaka 2023. Ramani hiyo huigawa nchi kwa kadiri ya ukali wa baridi, ili mwenye bustani ajue mmea utakaookoka. Kipimo hicho hakitufai sisi. Kwetu kipimo ni mvua, mwinuko na udongo.

Tutoe mifano. Mtufaha huhitaji baridi ili upumzike kabla ya kuchanua. Kwa hiyo huzaa Njombe, lakini kando ya ziwa mwenyewe atavuna majani. Mzabibu hustawi Dodoma, penye mvua ya takriban milimita 600 na kiangazi kirefu. Bukoba ukungu utauangamiza. Mparachichi huoza mizizi penye maji yaliyotuama. Hata kahawa ina mahali pake: robusta ni mwenyeji wa kando ya ziwa, bali arabika hupenda mwinuko, na ikipandwa chini penye joto na unyevu hushambuliwa na kutu ya majani.

Liko na jambo la hatari zaidi. Chipukizi la mgomba lililochukuliwa shamba la mbali laweza kuleta ugonjwa. Mnyauko wa bakteria ulionekana Muleba mwaka 2006, nao hauna dawa. Mgomba mgonjwa hung'olewa, na nyumba hukosa chakula.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa Chama na Serikali: miche isigawiwe kwa hesabu moja ya wilaya nzima, bali kila tarafa ipewe inayoifaa. Kituo cha utafiti cha Maruku kiko karibu. Mabwana shamba wakipeleke utaalamu wake vijijini kabla ya mvua, si baada yake. Na wewe mkulima, kabla ya kutoa fedha yako, tazama kinachostawi kwa jirani, kisha ujaribu miche miwili mitatu kabla ya kupanda ekari nzima. Bidii ni wajibu wetu sote, lakini bidii isiyojua mahali pake ni jasho la bure.