Madaraka ya ndani yasiwe zawadi ya mtawala



Nataka kutoa maoni yangu juu ya hoja inayorudiwa mara kwa mara katika mazungumzo ya siasa. Hoja hiyo husema kwamba ukiwapa watu wa sehemu moja ya nchi, wenye lugha au dini yao, madaraka ya kuendesha mambo yao wenyewe, umekwisha kuwafungulia mlango wa kujitenga. Mimi nasema historia ya jirani zetu inaonyesha kinyume.

Tuitazame Sudan. Watu wa Kusini walianza kupigana na Serikali ya Khartoum mwaka 1955. Februari 1972 pande hizo mbili zilipatana mjini Addis Ababa. Kusini ikapewa serikali yake ya ndani na baraza lake la kutunga sheria mjini Juba, huku Sudan ikibaki nchi moja. Vita vikanyamaza kwa miaka 11. Ikiwa madaraka ya ndani ndiyo yanayovunja nchi, mbona miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya amani?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mafuta yaligunduliwa Kusini. Juni 1983 Rais Nimeiri aliigawa Kusini katika mikoa mitatu kwa amri yake, na Septemba akatangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima, hata kwa wasio Waislamu. Sheria ya mapatano ilikuwa imesema wazi kwamba haibadilishwi mpaka robo tatu ya Bunge ikubali, na theluthi mbili ya wapiga kura wa Kusini waithibitishe. Wapiga kura hao hawakuulizwa. Vita vilivyorudi mwaka huo vilidumu hadi 2005, na mwaka 2011 karibu asilimia 99 yao walichagua kujitenga.

Eritrea nayo ni hivyo hivyo. Umoja wa Mataifa uliamua iunganishwe na Ethiopia kwa shirikisho, na mwaka 1952 ikaingia ikiwa na bunge, bendera na lugha zake. Mfalme Haile Selassie aliyamega madaraka hayo kidogo kidogo, na mwaka 1962 akalifuta shirikisho lenyewe. Matokeo yake yalikuwa vita vya miaka 30, na mwaka 1993 Eritrea ikawa nchi huru.

Sasa tulinganishe na visiwa vya Åland nchini Finland, ambavyo wenyeji wake husema Kiswidi. Walitaka kujiunga na Sweden, lakini mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa liliamua wabaki Finland, na lugha yao, ardhi yao na serikali yao ya ndani vilindwe. Sheria yao haibadilishwi bila bunge lao kukubali. Zaidi ya miaka 100 imepita na Finland haijavunjika. Hata Katiba yetu ya 1977 inataka baadhi ya mambo ya Muungano yapate theluthi mbili ya Wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar.

Huenda msomaji akauliza: mbona Sudan nayo ilikuwa na sheria? Ni kweli, lakini hapakuwa na mahakama wala bunge lenye ubavu wa kumwambia Rais hapana. Kwa hiyo maandishi peke yake hayatoshi. Hapana budi pawepo chombo cha kuyalinda, na mgawo wa mali, kama mafuta, ukubaliwe mapema.

Wala kujitenga si dawa ya kila ugonjwa. Sudan Kusini yenyewe iliingia vitani Desemba 2013, miaka miwili na nusu tu baada ya uhuru, kwa kuwa nchi mpya nayo ina wakubwa na wadogo wake.

Ahadi ni deni. Anayetoa madaraka kwa mkono wa kulia na kuyapokonya kwa wa kushoto asiwalaumu wananchi wakitafuta mlango wa kutokea.

Mwalimu wa Kijijini,
Songea.